Hot Space: Hukumu ni ya Haki, Mashtaka si ya Haki

Kati ya mwaka 1973 na 1995 bendi ya Queen ilitoa albamu 15 za studio. Nyingi kati ya hizo zimekwisha kusifiwa hadi hakuna la kuongeza. Moja imekuwa ikisemwa vibaya kwa zaidi ya miaka 40, nayo ni Hot Space, iliyotoka Mei 1982. Mashabiki wa bendi hii wakikutana na kuulizana ni kazi gani iliyo dhaifu kuliko zote, jina hilo ndilo linalotajwa kwanza, na mara nyingi mjadala huishia hapo hapo. Leo naomba tuufungue upya. Hukumu naikubali. Mashtaka siyakubali hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza niseme kwa nini sisi wasemaji wa Kiswahili tuna nafasi ya kukaa katika baraza hili. Queen ni bendi ya London, imeanzishwa London mwaka 1970, na muziki wake ulikomaa katika kumbi za Uingereza. Lakini mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Ni familia ya Kiparsi, baba akiwa mtunza fedha katika mahakama ya serikali ya kikoloni. Mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, akiwa na miaka 8, akarudi Unguja akiwa kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia nzima ikahamia Uingereza. Sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi chake. Nyimbo za Queen hazikutungwa Mji Mkongwe, na anayetembelea makumbusho yake pale Shangani asitoke akidhani hivyo. Hata hivyo ni mwana wa pale, na kazi ya mwana wa nyumbani mtu huijadili kwa uwazi zaidi kuliko ya mgeni, ikiwa nzuri na ikiwa mbaya.

Sasa, albamu dhaifu ni ipi? Tukiacha jambo hili bila kipimo tutabishana mpaka kesho. Wapo wanaopima kwa mauzo. Wapo wanaohesabu nyimbo wanazoruka wanaposikiliza. Mimi kipimo changu nakitoa katika kitu ambacho Queen walikuwa nacho na bendi nyingi hazina: watu wanne, na wote wanne watunzi wa nyimbo zilizotikisa dunia. We Will Rock You aliitunga mpiga gitaa, Brian May. We Are the Champions ni ya Mercury. Another One Bites the Dust na I Want to Break Free ni za John Deacon, mpiga besi, mtu mkimya ambaye ukimwona jukwaani ungedhani amepita tu. Radio Ga Ga ni ya mpiga dramu, Roger Taylor. Hakuna mmoja wao aliyekuwa msindikizaji. Kwa hiyo albamu ya Queen nahesabu imedhoofika pale ninapoisikiliza na kushindwa kuwasikia watu wale wanne wakiwa pamoja, mmoja akimjibu mwenzake.

Kwa kipimo hicho yapo majina kadhaa ya kuyaondoa kwanza. Flash Gordon, ya Desemba 1980, wengi huiweka mwisho kabisa wa orodha. Ni muziki wa filamu ya Mike Hodges. Nyimbo zenye maneno kamili ni mbili tu, zilizobaki ni vipande vya vinanda na gitaa vilivyochanganywa na mazungumzo ya waigizaji. Ukiisikiliza bila picha utachoka, lakini haikukusudiwa isikilizwe bila picha. Ile ilikuwa kazi ya kuhudumia filamu, na iliihudumia vizuri. Naiweka pembeni.

Made in Heaven ya mwaka 1995 nayo siiweki kwenye mizani. Mercury alifariki dunia tarehe 24 Novemba 1991. Wenzake watatu walikusanya sauti alizowaachia, wakazijengea muziki miaka kadhaa baadaye. Kuna wimbo humo unaoitwa Mother Love ambao ubeti wa mwisho anauimba May, kwa sababu Mercury aliondoka studio akikusudia kurudi kuumaliza, asirudi. Siwezi kuisikiliza sehemu ile nikiwa na kalamu mkononi nikitoa alama. Na The Cosmos Rocks, ya mwaka 2008, ilitolewa na May na Taylor wakiwa na Paul Rodgers. Mercury hakuwepo tena duniani, Deacon alikwisha kustaafu. Hiyo ni bendi nyingine.

Zinabaki mbili ambazo mtu mwenye masikio anaweza kuzitetea kama ndizo dhaifu. A Kind of Magic ya mwaka 1986 imejengwa kwa sehemu kubwa na nyimbo za filamu ya Highlander, na baadhi ya nyimbo zilizojaziwa pembeni hazina uzito. Lakini humo yumo May na Who Wants to Live Forever, na Taylor na wimbo uliobeba jina la albamu, na wote wanne unawasikia. The Miracle ya mwaka 1989 inaanza vibaya. Party na Khashoggi's Ship ni nyimbo nyepesi ambazo hata shabiki mkubwa hazikumbuki vizuri. Kisha inakuja I Want It All, na mwishoni Was It All Worth It, na unajua kwamba bendi iko nyumbani. Basi tumebaki na mshtakiwa wetu.

Mashtaka dhidi ya Hot Space ni haya: kwamba Queen waliisaliti rock, wakaacha magitaa, wakakimbilia muziki wa kucheza. Ili kuyaelewa turudi nyuma miaka miwili. Mwaka 1980 walitoa The Game, na ndani yake Deacon aliweka Another One Bites the Dust. Alikuwa msikilizaji mkubwa wa Chic, kundi la Nile Rodgers na Bernard Edwards la New York, na ukiuweka wimbo wake karibu na Good Times ya Chic utasikia udugu. Vituo vya redio vya Wamarekani weusi viliupiga sana, na kuna wasikilizaji waliodhani Queen ni bendi ya watu weusi. Wimbo ukafika namba 1 Marekani. Katika mwaka huo huo Crazy Little Thing Called Love nao ulikuwa umefika namba 1 huko. Queen hawakuwahi kupanda juu zaidi ya pale Marekani. Ni jambo la kueleweka kabisa kwamba waliingia studio kutengeneza albamu iliyofuata wakiwa na hamu ya kuendelea na njia ile.

Lakini Marekani waliyokuwa wakiitazama ilikuwa imekasirika. Tarehe 12 Julai 1979, huko Chicago, katika uwanja wa mpira wa besiboli wa Comiskey Park, mtangazaji wa redio Steve Dahl alilipua sanduku la santuri za disko katikati ya uwanja, kati ya mchezo wa kwanza na wa pili. Maelfu ya watu wakavamia uwanja, nyasi zikaungua, na mchezo wa pili ukashindikana. Mtu anaweza kusema ulikuwa utani wa vijana. Mimi naona uliopigwa moto pale ulikuwa muziki wa watu weusi, wa Walatino na wa mashoga waliokuwa wakicheza katika kumbi za New York na Chicago, na chuki ile haikuishia kwenye santuri. Miaka mitatu baadaye ndipo Queen wakapeleka huko albamu yenye upande mzima wa muziki wa kucheza, wakitanguliza wimbo wa Body Language na video ya miili iliyoloa jasho ambayo MTV waliikataa. Body Language wenyewe ulifika namba 11 Marekani. Albamu iliishia namba 22. Uingereza ilifika namba 4.

Kwa masikio ya Afrika Mashariki, shtaka la kwamba bendi imechezesha watu halina maana. Hapa kwetu bendi isiyochezesha haijafanya kazi yake. Mpenzi wa Sikinde na mpenzi wa Msondo watabishana mpaka usiku wa manane, nani ana waimbaji wazuri, nani ana wapuliza tarumbeta wazuri, chemko la nani linanyanyua watu vitini. Hutasikia hata mmoja akimlaumu mwenzake kwa kuwa bendi yake inawafanya watu wacheze. Na swali ambalo masikio hayo hujiuliza kwanza ni hili: besi iko wapi? Fikiria besi ya Sina Makosa ya Les Wanyika. Wimbo ule unaweza kuutambua kwa besi peke yake, ikipita barabarani katika gari lililofunga vioo.

Basi tuchukue masikio hayo tuyapeleke upande wa kwanza wa santuri ya Hot Space. Wimbo wa kwanza ni Staying Power, wa Mercury. Zinaingia tarumbeta, na ni nzuri kweli. Alizipanga Arif Mardin, mtayarishaji mzaliwa wa Istanbul aliyefanya kazi na Aretha Franklin. Mercury anaimba kwa nguvu zake zote. Lakini chini, pale ambapo Deacon angekuwa amesimama, kuna kinanda cha umeme kinachotoa sauti ya besi. Kila noti ina uzito ule ule. Hakuna noti inayochelewa kidogo ili mchezaji aingojee, hakuna inayowahi. Dramu nazo ni za mashine. Gitaa la May linasikika kwa mbali.

Wimbo wa pili, Dancer, ni wa May mwenyewe, na hapa gitaa lipo, zito, lile gitaa jekundu alilolitengeneza ujanani pamoja na baba yake kwa mbao za jiko la zamani la kuotea moto na analolipiga kwa sarafu badala ya plastiki. Lakini gitaa lile linapita njia yake na besi ya kinanda inapita yake. Hazikutani. Action This Day ni wimbo wa Taylor, na ndio unaonisikitisha kuliko mwingine wowote upande huo. Huyu ni miongoni mwa wapiga dramu wenye alama ya kipekee kabisa Uingereza, unamjua kwa namna anavyofungua matoazi pamoja na pigo la dramu ndogo. Katika wimbo alioutunga yeye mwenyewe, ngoma inayoendesha kila kitu ni ya mashine. Ni sawa na timu kumweka benchi mfungaji wake kisha kulalamika kwamba magoli hayapatikani.

Body Language sitaisemea sana. Ni pumzi, midundo na miguno, na gitaa karibu halimo. Kinachobaki upande wa kwanza ni Back Chat, wa Deacon, nao ndio bora kati ya nyimbo zote tano. Inasimuliwa na waliokuwa studio kwamba Deacon hakutaka solo ya gitaa ndani yake, May akang'ang'ania, wakagombana, na solo ikaingia. Sikiliza solo ile! Ni kali, ina hasira, na ghafla wimbo unaamka, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika santuri hii unasikia mtu mmoja akimjibu mwingine. Ugomvi wao umeingia kwenye muziki na kuutia uhai.

Najua mtu atasema: lakini mashine si dhambi. Kweli kabisa. Another One Bites the Dust yenyewe haina dramu zilizopigwa mwanzo hadi mwisho. Taylor alipiga kipande, utepe ukakatwa na kuungwa ukawa unajizungusha. Ila juu ya utepe ule Deacon anapiga besi kwa mkono wake. Anagonga noti fupi, nzito, anarudia, anateleza kidogo, kisha ananyamaza, na ule unyamavu ndio unaomvuta mtu kutoka kitini. Na Radio Ga Ga, miaka miwili baada ya Hot Space, imejaa vinanda vya umeme na ngoma za mashine, na hakuna anayeilalamikia. Wimbo ule umebebwa na sauti ya Mercury na kiitikio ambacho uwanja mzima unakipigia makofi. Mashine inahudumia tu. Staying Power na Action This Day hazina kitu kingine cha kuzibeba zaidi ya mdundo, na mdundo ndio waliokabidhi mashine.

Kwa hiyo, msikilizaji, mashtaka ya kwamba albamu hii imecheza mno nayatupilia mbali. Tatizo lake ni kwamba haichezi vya kutosha.

Na ushahidi mkubwa kuliko wote umo ndani ya albamu yenyewe, mwisho kabisa wa upande wa pili. Julai 1981 Queen walikuwa katika studio yao ya Mountain, Montreux, Uswisi, kando ya ziwa. David Bowie naye alikuwa mjini. Akapita kuwaona, ikakusudiwa aitikie katika wimbo wao Cool Cat, wakaanza kupiga tu kwa kujifurahisha, na kabla hawajalala walikuwa na Under Pressure. Wimbo ule unaanza na besi ya Deacon. Ni noti mbili, moja inarudiwa, nyingine inashuka na kukaa. Inasimuliwa kwamba walienda kula katikati ya kazi, waliporudi Deacon akawa ameisahau, wenzake wakamkumbusha. Mwaka 1990 Vanilla Ice aliichukua besi ile akaijengea wimbo wake maarufu, na mpaka leo kuna vijana wanaoijua besi bila kumjua mwenyewe. Under Pressure ulitoka Oktoba 1981 na kufika namba 1 Uingereza. Ni wimbo wa mdundo, unachezeka, na ni mali ya Hot Space sawa na Body Language. Anayesema albamu iliharibiwa na muziki wa kucheza anieleze kuhusu wimbo huo.

Tena upande wa pili wote unastahili heshima ambayo haupewi. Cool Cat ulitungwa na Mercury na Deacon pamoja. Bowie aliomba sauti yake iondolewe, ikaondolewa, na naona wimbo ulipata faida. Mercury anauimba mwanzo hadi mwisho kwa sauti nyembamba ya juu, bila kuinua bega, na Deacon anapiga karibu kila kitu chini yake. Put Out the Fire ni wimbo wa May dhidi ya bunduki, na gitaa limerudi mahali pake. Unaofuata ni Life Is Real, ambao Mercury aliutunga kumkumbuka John Lennon, aliyepigwa risasi New York tarehe 8 Desemba 1980. Kuziweka nyimbo hizo mbili moja baada ya nyingine lilikuwa jambo la watu wanaofikiri.

Kisha kuna Las Palabras de Amor, wa May, wenye kiitikio cha Kihispania. Mwanzoni mwa 1981 Queen walikuwa wamepiga Argentina na Brazili mbele ya watu ambao hawajawahi kuona bendi ya aina ile ikija kwao. São Paulo peke yake, katika uwanja wa Morumbi, walifika zaidi ya watu 100,000 usiku mmoja, na waliimba Love of My Life neno kwa neno. Wimbo huo ni shukrani kwao. Sasa angalia wakati ulipotoka kama santuri ndogo: mwanzoni mwa Juni 1982, Uingereza na Argentina zikiwa vitani juu ya visiwa vya Falkland. Vita viliisha tarehe 14 ya mwezi huo. Bendi ya Uingereza ilikuwa redioni ikiimba mapenzi kwa lugha ya adui wa siku hizo. Sijasikia watu wengi wakiwapa sifa kwa hilo.

Labda mtu ataniuliza: kama hivyo ndivyo, kwa nini bado unaihukumu? Kwa sababu upande wa kwanza ni nusu ya albamu, na nusu ile ndiyo waliyoiweka mbele. Wenyewe wamesimulia katika mahojiano ya miaka mingi jinsi kipindi cha Munich kilivyokuwa. Walikuwa wakirekodi Musicland, studio iliyokuwa chini ya hoteli, na mtayarishaji wao Reinhold Mack. Usiku ulikuwa wa vilabu, mchana ulipotea, mara nyingi mmoja alikuwa studio na wengine hawapo. Mercury na Deacon walitaka njia moja, May na Taylor hawakuwa na raha nayo. Ukifika pale huhitaji kugombana tena. Mashine inakuruhusu kumaliza wimbo bila kumngoja mwenzako aamke. Unaingia peke yako, unapanga besi kwa kinanda, unapanga dramu kwa vifungo, unaimba, unaondoka. Hata jalada linasema hivyo: miraba minne ya rangi nne tofauti, uso mmoja katika kila mraba, kila mtu na chumba chake.

Jambo linalonifanya niwe na uhakika wa haya ninayoyasema ni onyesho la Milton Keynes la tarehe 5 Juni 1982, siku chache tu baada ya albamu kutoka. Lilirekodiwa, na mwaka 2004 likatolewa kwa jina la Queen on Fire. Wanapiga Action This Day, Staying Power na Back Chat, nyimbo zile zile zinazolaumiwa. Taylor ameketi nyuma ya dramu halisi. Deacon katika Staying Power ameweka besi chini na kushika gitaa, anakata rizimu kama Nile Rodgers wa kundi lile la Chic alilolipenda, na sehemu ya besi anaipiga mpiga kinanda waliyemwajiri. May anaingia pale tarumbeta zilipokuwa. Wimbo umekuwa mwingine. Una kifua, una hatari, unakwenda mbele. Ukisikiliza Action This Day ya siku ile utashangaa kwamba ndio ule wimbo mkavu wa kwenye santuri. Maneno hayakubadilika, tuni haikubadilika. Kilichoongezeka ni watu wanne kusimama pamoja na kusikilizana, na mikono yao ikifanya kazi.

Hapo ndipo uchungu wangu juu ya Hot Space ulipo. Nyimbo zilikuwepo. Albamu nzuri ilikuwemo ndani ya ile iliyotoka, na bendi ilithibitisha hivyo jukwaani ikiwa imechelewa.

Walilipa gharama yake. Ziara ya mwaka 1982 ndiyo ya mwisho Queen kupiga Marekani wakiwa na Mercury. Hawakurudi tena kupiga huko wote wanne. Tarehe 13 Julai 1985, katika onyesho la Live Aid pale Wembley, walipopewa dakika 20 hivi na kuzitumia kuliko mtu mwingine yeyote siku ile, hawakuchagua hata wimbo mmoja wa Hot Space. Katika ziara yao ya mwisho wakiwa wanne, ya mwaka 1986, waliobaki nao ulikuwa Under Pressure. Yaani hata wao waliitenga, na walipoitenga waliubakiza wimbo ambao besi yake ilipigwa na Deacon.

Kuna hasara nyingine ambayo haipimwi kwa namba. Baada ya lawama zile, Queen waliogopa. The Works ya mwaka 1984 ni albamu nzuri, ina Radio Ga Ga, ina I Want to Break Free, ina Hammer to Fall, lakini ni albamu ya watu wanaoangalia wanapokanyaga. Mercury alikuwa na kipaji cha kwenda mbali zaidi katika muziki wa mdundo. Cool Cat inaonyesha hivyo. Angekuwa na bendi yake nyuma yake, ikipiga kwa mikono, angefika mahali ambapo waimbaji wachache wa rock wamefika. Nikisikiliza Michael Jackson na gitaa la Eddie Van Halen katika Beat It, iliyotoka katika albamu ya Thriller mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1982, nasikia muziki wa kucheza na rock vikikutana bila upande mmoja kuuomba mwingine radhi. Queen walikuwa na watu wote wa kulifanya jambo lile. Walikuwa nao chumbani.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba Hot Space ndiyo albamu dhaifu kuliko zote za Queen, kwa sababu ya nyimbo nne kati ya tano za upande wa kwanza, na nyimbo zile zimedhoofika kwa kuwa wenye bendi hawakuwa ndani yake wote. Disko haihusiki.

Nakuomba, msikilizaji, ufanye jambo moja. Usiianze albamu hii pale ilipoanzia. Anza na upande wa pili, kuanzia Put Out the Fire mpaka Under Pressure, kisha tafuta rekodi ya Milton Keynes usikilize Staying Power na Action This Day zikipigwa na watu. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye upande wa kwanza. Ukiona nimeihukumu kwa ukali, au nimeionea huruma kupita kiasi, lete hoja zako tubishane. Ila uniambie kuhusu besi, dramu na gitaa. Ukija na shtaka la kwamba walicheza, sitalipokea.